UZI: Brigitte Bardot, staa wa Ufaransa aliyeacha sinema akawatetea wanyama, na jinsi ugomvi wake na machinjio ulivyogeuka kuwa ugomvi na watu

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu Brigitte Bardot afariki tarehe 28 Desemba 2025 nyumbani kwake Saint-Tropez, akiwa na miaka 91, naona mitandaoni kuna wanaobandika picha zake za ujana na kumlilia, na kuna wanaobandika hukumu zake za mahakamani na kusema amechelewa kuondoka. Nimefuatilia maisha ya huyu mama kwa muda mrefu, na nina hoja moja ambayo sijaona mtu akiiweka mezani. Alianza kwa kugombana na kisu, akaishia kugombana na anayekishika. Ukimfuata mwaka hadi mwaka unaona kabisa alipokata kona. Uzi ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka aruke hadi sehemu ya tatu.

SEHEMU YA KWANZA: BINTI WA KITAJIRI

Alizaliwa Paris tarehe 28 Septemba 1934. Baba yake, Louis Bardot, alikuwa mwenye viwanda. Mama yake, Anne-Marie, alikuwa mtu wa kupenda mitindo na mambo ya jamii ya juu. Walikuwa mabinti wawili tu, Brigitte na mdogo wake Marie-Jeanne, aliyeitwa Mijanou nyumbani. Nyumba ya Kikatoliki, yenye pesa, na yenye ukali wa kupitiliza.

Kuna tukio alilosimulia mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake cha mwaka 1996. Yeye na mdogo wake walikuwa wanacheza wazazi wakiwa wametoka, wakavunja chombo cha thamani. Baba aliporudi akawacharaza viboko 20 kila mmoja. Mama akawatangazia kwamba kuanzia siku hiyo wao ni kama wageni tu humo ndani, na waongee na wazazi wao kwa ile lugha rasmi ambayo Mfaransa humwongelesha mtu asiyemzoea. Brigitte alikuwa na miaka kama saba. Anasema tangu hapo hakuwahi tena kujiona yuko kwao.

Sitaki kumpima mtu mzima kwa viboko vya utotoni, ila likumbukeni hili tukifika kwenye wanyama.

Alichokipenda ni baleti. Aliingia Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki na dansi, akafundishwa na Mrusi Boris Knyazev. Ule utembeaji wake ambao dunia nzima ilikuja kuuiga, shingo juu na mgongo umenyooka, ni wa baleti. Mwaka 1950, akiwa na miaka 15, picha yake ikatokea jalada la jarida la Elle. Mwongozaji Marc Allégret akaiona, akamtuma msaidizi wake amtafute. Msaidizi huyo ni Roger Vadim, na yeye badala ya kumpeleka binti kwenye filamu tu, akampenda. Wazazi wakakataa katakata. Wakataka kumpeleka Uingereza kusoma. Binti akafungua gesi ya jiko na kuingiza kichwa ndani. Wakamkuta angali hai. Ndipo wazazi wakalegeza kamba: ataolewa, lakini akifika miaka 18. Desemba 1952 akaolewa na Vadim.

Filamu zake za mwanzo si za kusimulia sana. Kilichombadilishia maisha ni Et Dieu… créa la femme ya mwaka 1956, iliyoongozwa na Vadim mwenyewe na kupigwa picha Saint-Tropez, ambapo wakati huo palikuwa kijiji cha wavuvi. Ufaransa haikuipokea kwa shangwe kubwa mwanzoni. Ilipovuka Atlantiki mwaka 1957 ndipo moto ukawaka. Kanisa likaipinga, baadhi ya miji ya Marekani ikajaribu kuizuia, na foleni zikazidi kurefuka. Wakati huo ndoa na Vadim ilikuwa imeshavunjika, kwani Brigitte alimpenda mwigizaji mwenzake wa filamu hiyohiyo, Jean-Louis Trintignant.

Mwaka 1959 Simone de Beauvoir, mwanafalsafa aliyekuwa anaongoza fikra za wanawake Ufaransa, aliandika makala nzima juu yake. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba Bardot anawaudhi wanaume kwa sababu anapenda bila kuona aibu na bila kuomba ruhusa, na hawajui wamweke fungu gani. Kwa Ulaya ya miaka ile, ambako mke wa Kifaransa hakuweza hata kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mumewe hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1965, hilo halikuwa jambo dogo.

Gharama ya umaarufu huo ilikuwa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1959 aliolewa na mwigizaji Jacques Charrier. Tarehe 11 Januari 1960 akajifungua mtoto wa kiume, Nicolas. Hakujifungulia hospitali, kwa sababu wapiga picha walikuwa wameizingira nyumba yake ya Paris usiku na mchana, ikabidi chumba cha kujifungulia kitengenezwe humohumo ndani. Mtoto akaja kulelewa upande wa baba. Septemba mwaka huohuo, siku ya kutimiza miaka 26, Bardot alikutwa Menton kusini mwa Ufaransa amekunywa vidonge vya usingizi na kujikata mikono. Aliokolewa.

SEHEMU YA PILI: BASTOLA YA MACHINJIONI

Watu wengi husema uanaharakati wake ulianza baada ya kuacha filamu. Si kweli.

Kwanza lipo la Algeria. Mwaka 1961 kundi la siri la OAS, waliokuwa wakilipua mabomu na kuua ili Algeria ibaki mikononi mwa Ufaransa, lilimwandikia barua kumtoza mamilioni ya franki, la sivyo yatamkuta. Wengine walilipa kimyakimya. Yeye aliichukua ile barua akaipeleka kwa jarida la L'Express, ikachapishwa pamoja na jibu lake kwamba hatoi kitu, kwa sababu hataki kuishi katika nchi ya Kinazi. Alikuwa na miaka 27, na wale watu walikuwa wanaua kweli.

Muda si mrefu baadaye, Januari 1962, akatokea kwenye kipindi kikubwa cha televisheni, Cinq colonnes à la une. Watazamaji walizoea kumuona akiulizwa habari za mapenzi. Safari hii akazungumzia machinjio. Alieleza jinsi ng'ombe, ndama na kondoo wanavyoning'inizwa na kukatwa wakiwa na fahamu zao zote, na akaonyesha bastola ya kumzimisha mnyama kabla ya kuchinjwa. Bastola hiyo haitoi risasi. Ina chuma kinachochomoka na kugonga paji la uso, mnyama anapoteza fahamu papo hapo, kisha kisu kinafuata. Baadaye akaenda kuonana na waziri wa mambo ya ndani, Roger Frey. Aprili 1964 serikali ikatoa amri kwamba mnyama lazima azimishwe kabla ya kuchinjwa, isipokuwa kwa machinjo ya kidini ya Wayahudi na Waislamu.

Naomba mliangalie hili kwa makini, maana ndiyo msingi wa hoja yangu. Mwaka 1962 waliokuwa wakichinja kwa namna aliyoilalamikia ni wachinjaji wa Kifaransa, tena kwa wingi. Hakuwaita washenzi. Hakusema wana damu mbaya. Alikwenda na kifaa mkononi, akaeleza kinavyofanya kazi, akamfuata waziri, na sheria ikabadilika. Alikuwa anapambana na namna ya kuua, basi.

Filamu aliendelea nazo. Le Mépris ya Jean-Luc Godard mwaka 1963, iliyopigwa kwa sehemu kisiwani Capri. Viva Maria! na Jeanne Moreau mwaka 1965. Akaolewa na tajiri wa Kijerumani, Gunter Sachs, huko Las Vegas mwaka 1966, wakaachana 1969. Akaimba na Serge Gainsbourg. Uso wake ukatumika kuchongea sanamu ya Marianne, alama ya Jamhuri inayowekwa kwenye ofisi za mameya nchi nzima.

Halafu ikaja 1973. Alikuwa Sarlat, kusini magharibi mwa Ufaransa, akipiga filamu ya zama za kati iitwayo Colinot. Kati ya waigizaji wa pembeni alikuwepo bibi mmoja wa kijijini aliyekuja na mbuzi wake jike, naye awe kwenye picha. Bardot akamzoea yule mbuzi. Bibi akamwambia waharakishe kumaliza, kwa sababu mbuzi anachinjwa wikiendi kwa ajili ya komunyo ya mjukuu. Bardot akatoa pesa akamnunua palepale, akampeleka hotelini, akalala naye chumbani pamoja na mbwa wake. Anasema usiku ule alijitazama kwenye kioo akiwa na mavazi ya filamu, akaona kazi ile imemwisha moyoni. Akatangaza kuacha. Hakuwahi kurudi tena mbele ya kamera kuigiza, ingawa aliishi zaidi ya miaka 50 baada ya hapo.

Machi 1977 akaenda Kanada, Blanc-Sablon, pamoja na mwanaharakati wa Uswisi Franz Weber, kupinga uuaji wa vitoto vya sili, mnyama wa bahari za baridi. Vile vitoto vina manyoya meupe kwa majuma machache tu baada ya kuzaliwa, na ngozi hiyo ndiyo iliyokuwa mali. Wawindaji waliwapiga vichwani kwa rungu juu ya barafu. Waandishi wa habari wa kule walimzomea, hali ya hewa ikawa mbaya, lakini picha yake amelala kwenye barafu na kitoto cha sili ikaenea dunia nzima. Mwaka 1983 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ikapiga marufuku kuingiza ngozi za vitoto hivyo.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, lakini hapohapo naiona kona ya kwanza. Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini kule, hawakuwa wanawinda vile vitoto vyeupe. Waliwinda sili wakubwa kwa chakula, na ngozi waliuza. Soko lilipoanguka liliwaangukia wao pia, na vijiji vikakosa kipato. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipozuia bidhaa za sili kwa jumla, ilibidi uweke kifungu cha kuwaruhusu Wainuiti, lakini soko lilikuwa limeshakufa. Kwenye picha ya 1977 tunamuona mwanamke na mnyama. Watu wa ile barafu hawamo.

Kuhusu pesa, hapa hakuna wa kumdharau. Mwaka 1986 alianzisha wakfu wenye jina lake. Sheria ya Ufaransa ilidai mtaji wa franki milioni tatu, na hakuwa nazo taslimu. Juni 1987 akapeleka mnadani vitu vyake: vito, nguo za filamu, gauni alilofungia ndoa na Vadim, gitaa, almasi aliyopewa na Sachs. Pesa ikapatikana. Kisha akaukabidhi wakfu nyumba yake ya La Madrague, aliyoinunua mwaka 1958, huku yeye akiendelea kuishi humo hadi kufa. Mwaka 1992 serikali ikautambua wakfu kuwa taasisi ya manufaa ya umma. Umejenga makazi ya wanyama waliotelekezwa Normandie, umelipia ufungaji uzazi wa mbwa wa mitaani Romania, na umeshirikiana na shirika la Four Paws kujenga hifadhi ya Belitsa nchini Bulgaria kwa ajili ya dubu waliokuwa wakichezeshwa barabarani wakiwa na pete puani. Nishani ya Légion d'honneur aliyotunukiwa mwaka 1985 hakwenda kuipokea.

SEHEMU YA TATU: KISU NA MWENYE KISU

Agosti 1992 aliolewa kwa mara ya nne, na Bernard d'Ormale, aliyekuwa karibu na Jean-Marie Le Pen, kiongozi wa chama cha mrengo mkali wa kulia, Front National. Huyu Le Pen aliwahi kupigana Algeria akiwa ofisa wa askari wa miavuli. Mwanamke aliyewakatalia OAS mwaka 1961 akaishia, miaka 30 baadaye, kukaa meza moja na watu wa upande uleule. Baadaye alimuunga mkono hadharani binti yake, Marine Le Pen.

Barua zake nazo zikabadilika. Ile ruhusa ya kidini ya mwaka 1964 ilikuwa imemkaa rohoni, na ana haki yake. Unaweza kuamini kwa dhati kwamba kila mnyama azimishwe kwanza, na Waislamu na Wayahudi wengi tu wanaijadili hoja hiyo bila kutukanana. Lakini mwaka 1996, kwenye gazeti la Le Figaro, hakuzungumzia tena bastola. Alizungumzia nchi yake kuvamiwa na wageni, hasa Waislamu. Mwaka 1997 akatiwa hatiani kwa kuchochea chuki ya kibaguzi. Ikafuata 1998. Ikafuata 2000. Mwaka 2004 akatozwa faini ya euro 5,000 kwa kitabu chake. Mwaka 2008 euro 15,000, kwa barua aliyomwandikia Nicolas Sarkozy mwaka 2006, Sarkozy akiwa waziri wa mambo ya ndani. Barua hiyo ilianza na ombi la kuzimisha kondoo wa Idd el-Hajj, ikaishia kusema Waislamu wanaiharibu nchi. Ndani ya barua moja utaona mstari alipouvuka.

Mwaka 2019 ikaja ya Réunion, na hii inatuhusu sisi wa pwani hii moja kwa moja.

Réunion ni kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Bardot alimwandikia mkuu wa serikali wa kisiwa akilalamikia mateso ya mbwa na paka, na mbuzi wanaochinjwa kwenye ibada za Watamili, wakazi wenye asili ya India. Malalamiko ya mbwa yalikuwa na ukweli. Lakini akaandika kwamba wenyeji wa kisiwa wamebaki na jeni za kishenzi, na kwamba ni watu walioharibika. Novemba 2021 mahakama ya Saint-Denis, mji mkuu wa kisiwa, ikamtoza faini ya euro 20,000.

Ni akina nani hao wenyeji? Kisiwa hakikuwa na watu kabla Wafaransa hawajakikalia karne ya 17. Waliojaza mashamba yake ya kahawa na miwa waliletwa kwa minyororo, kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa, Mauritius na Réunion, ambayo wakati huo iliitwa Bourbon. Utumwa ulikomeshwa pale tarehe 20 Desemba 1848. Kwa hiyo sehemu ya damu aliyoiita ya kishenzi ilitoka Kilwa na bara lililo nyuma yake, na waliofungwa minyororo ni wao. Kati ya maneno yake yote, hili ndilo linaloniuma zaidi. Mtu aliyeweza kumlilia ndama aliyefungwa miguu alikitazama kizazi cha watu waliofungwa miguu akaona wanyama wabaya.

MAJIBU KWA WADAU

Mdau aliyesema alikimbia sinema kwa sababu uzee ulimfuata: aliacha akiwa na miaka 38, jina lake likiwa bado linauza tiketi.

Aliyeuliza kama kulikuwa na njia ya kutetea wanyama bila kugombana na Waislamu: ipo, tena inafanya kazi. New Zealand huuza nyama ya kondoo halali kwa nchi za Kiislamu, na kondoo huzimishwa kwa umeme kichwani kwanza. Hofu ya Waislamu wengi ni mnyama kufa kabla ya kisu akawa kibudu. Umeme ule haumuui. Asipochinjwa anazinduka na kusimama. Masheikh wa kule wakalikubali. Makubaliano kama hayo yanahitaji watu wawili kukaa na kuheshimiana, na sisi Watanzania tunaojua mjadala wa nani achinje ulivyowahi kutuchoma hatuhitaji kufundishwa hili. Bardot wa 1962 angeweza kukaa kwenye kikao hicho, maana alikuwa na kifaa mkononi na hoja kichwani. Yule wa 2006 alishajifungia mlango.

Aliyeuliza habari za mtoto: Nicolas na baba yake walimshtaki mwaka 1997 kwa maneno makali aliyoandika kitabuni juu ya ujauzito ule, na mahakama ikaamuru walipwe fidia. Mimi binafsi nasoma kurasa zile kama maneno ya mwanamke aliyelazimishwa kuzaa mbele ya kamera za dunia, wakati sheria ya Ufaransa haikumpa njia nyingine. Lakini mtoto hakuwa na kosa, na aliyasoma akiwa mtu mzima.

Dada aliyeuliza kama alikuwa mtetezi wa wanawake: hapana, na mwenyewe alikataa kuitwa hivyo. Mwaka 2018, wanawake wa filamu walipojitokeza kusema walivyodhalilishwa, aliwaita wengi wao wanafiki. Aliwafungulia wanawake mlango kwa namna alivyoishi, kisha akawakemea waliopita.

Kwa wanaotaka kuanza kumtazama, msianze na ile ya 1956, imechakaa. Anzeni na La Vérité ya mwaka 1960, ya Henri-Georges Clouzot. Anacheza msichana aliyemuua mpenzi wake, na kesi yake mahakamani ndiyo inayoibeba filamu. Wanasheria hawamuulizi sana juu ya mauaji. Wanamuuliza alilala na nani, aliamka saa ngapi, alivaa nini. Kuna mahali anasimama kizimbani na kuwaambia wote waliokaa pale kwamba wanamhukumu bila kuwahi kuishi wala kupenda. Ile sauti inavyokatika si ya kuigiza tu. Mkimaliza hiyo nendeni Le Mépris, mtulie na picha za bahari ya Capri. Mwenye nakala zenye tafsiri chini atupie hapa, kuna wadau wengi wanazitafuta.